Mtaa Mwema Hautokei Wenyewe: Mtaalamu Mweusi Anapotafuta Makazi Marekani

Barua ya ajira ikishasainiwa na tarehe ya kuripoti kazini ikishajulikana, hubaki swali ambalo mwajiri halijibu: tutakaa wapi? Muuguzi anayetoka Nairobi kwenda Texas analo. Daktari wa Dar es Salaam aliyepata nafasi Maryland analo. Mhandisi Mmarekani mweusi anayehamishwa na kampuni yake kutoka Atlanta kwenda Ohio analo pia, tena yeye amelirithi kwa wazazi na bibi zake. Na ndani ya swali hilo mna mengine. Watoto watacheza na nani? Walimu watawapokeaje? Jirani akiniona nahangaika na kufuli la mlango wangu usiku, atanipa pole au atawapigia simu polisi?

Wengi humuuliza wakala wa nyumba waziwazi: "Huku kuna watu weusi? Kuna Waafrika?" Wakala mwangalifu hujibu kwamba hilo hawezi kulizungumzia, kisha hugeuza mazungumzo yakawa ya vyumba na maegesho. Mgeni huhisi kuna jambo anafichwa. Ukweli ni kwamba Sheria ya Haki ya Makazi ya 1968 inamkataza wakala kumpeleka mteja mtaa fulani, au kumwepusha na mtaa fulani, kwa sababu ya rangi, dini au nchi aliyotoka. Mawakala wengi wamefundishwa kutoligusa suala hilo hata mteja mwenyewe akiuliza kwa nia njema. Sheria inayomlinda mgeni ndiyo hiyo hiyo inayomwachia kazi ya kuutafuta mtaa wake mwenyewe.

Katika kuutafuta, jambo la kwanza kulijua ni hili: nchini Marekani, mtaa ambamo watu wa rangi mbalimbali wanaishi kwa kuheshimiana ni matokeo ya kazi. Utengano ulipangwa kwa sheria, fedha na ramani, na palipo na utangamano wa kudumu mara nyingi utakuta watu walioketi wakapanga namna ya kuupindua mpango huo. Anayejua alama za kazi hiyo ataitambua mitaa inayofaa kuliko yule anayehesabu nyuso dukani.

Utengano ulivyojengwa

Mwaka 1924 chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba kiliandika katika kanuni zake za maadili kwamba mwanachama asiwe njia ya kuingiza mtaani watu wa rangi ambayo uwepo wao ungeshusha thamani ya nyumba. Kutaja rangi kuliondolewa mwaka 1950, na chama kikaomba radhi hadharani mwaka 2020. Katika miaka ya 1930, shirika la serikali lililokopesha wenye nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuipanga mitaa kwa madaraja manne. Daraja la chini lilipakwa rangi nyekundu, na mitaa waliyoishi watu weusi ikaangukia humo karibu yote. Mamlaka ya Shirikisho ya Makazi, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilifuata mantiki hiyo hiyo katika kudhamini mikopo. Familia ya Kizungu ilipata mkopo wa nafuu wa kununua nyumba mpya kitongojini, familia nyeusi ikabaki kupanga.

Juu ya hayo, hati za nyumba zenyewe ziliwekewa masharti kwamba nyumba isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mweusi. Mwaka 1937 Carl Hansberry, mfanyabiashara mweusi wa Chicago, alinunua nyumba katika mtaa wenye sharti kama hilo. Kundi la watu lilizingira nyumba, na tofali lililorushwa dirishani lilimkosa kidogo binti yake mdogo, Lorraine. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1940 familia ikashinda kwa hoja ya kisheria ambayo haikugusa uhalali wa masharti yenyewe. Binti yule alikua akaandika tamthilia ya *A Raisin in the Sun*, inayohusu familia nyeusi inayotaka kuhamia mtaa wa Wazungu, na mwaka 1959 akawa mwanamke mweusi wa kwanza ambaye tamthilia yake ilichezwa Broadway. Masharti ya hati yalikuja kuvunjwa nguvu mwaka 1948, mahakama hiyo ilipoamua katika kesi ya familia ya Shelley ya St. Louis kwamba hakuna korti inayoweza kuyatekeleza.

Waafrika hawakusazwa. Nchi zetu zilipoanza kupata uhuru na kutuma mabalozi Washington, wanadiplomasia waligundua kwamba pasipoti ya heshima haifungui mlango wa nyumba ya kupanga. Mwaka 1961, Malick Sow, balozi wa Chad, alisimama kwenye mgahawa wa barabara kuu namba 40 huko Maryland, akiwa njiani kwenda kuwasilisha hati zake kwa Rais Kennedy. Akanyimwa kahawa. Serikali ya Kennedy, ikichelea kuaibika mbele ya mataifa mapya, iliunda ofisi maalumu ya kushughulikia mambo kama hayo, na maofisa wake wakawa wanawabembeleza wenye nyumba wa Washington wawapangishe mabalozi. Tanganyika ilipata uhuru mwishoni mwa mwaka huo huo. Kwa hiyo swali la leo la muuguzi wa Nairobi lilikwisha kuulizwa na wawakilishi wa kwanza wa Afrika huru.

Sheria ya 1968 ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Iliharamisha ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba. Lakini sheria haifuti ramani iliyokwisha kujengwa kwa matofali. Kwa hiyo inafaa kuangalia miji iliyoamua kwenda mbele ya sheria.

Oak Park, mji ulioamua

Oak Park ni mji mdogo wa watu wapatao 54,000, unaopakana na Chicago upande wa magharibi. Mwaka 1950 mwanakemia mweusi Percy Julian, mmoja wa wanasayansi mashuhuri wa Marekani wa zama zake, alinunua nyumba huko. Kabla familia haijahamia, nyumba ilijaribiwa kuchomwa moto. Mwaka uliofuata ilirushiwa baruti. Shahada, umaarufu na fedha havikumkinga. Wapo wakazi waliojitokeza kumuunga mkono, naye akabaki. Leo shule moja ya mji huo ina jina lake.

Katika miaka ya 1960 hofu ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mtaa wa Austin, ulio upande wa Chicago, ulibadilika kutoka mtaa wa Wazungu hadi mtaa wa weusi ndani ya miaka michache. Mawakala walichochea mabadiliko hayo kwa kuwatisha Wazungu kwamba weusi wanakuja na bei zitaanguka. Wazungu waliuza kwa hasara, kisha nyumba zile zile zikauzwa kwa weusi kwa bei ya juu. Wakazi wa Oak Park waliliona jambo hilo kwa macho yao, na wengi walitarajia mji wao ungefuata.

Badala ya kujenga ukuta, baraza la mji lilipitisha sheria yake ya haki ya makazi mwaka 1968. Mwaka 1972 mkazi mmoja, Roberta Raymond, alianzisha Kituo cha Makazi cha Oak Park. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Mtu anayetafuta nyumba ya kupanga huketi na mshauri bila malipo, hueleza bajeti na idadi ya vyumba anavyotaka, kisha huonyeshwa nyumba za pande zote za mji, zikiwemo za mitaa ambayo asingeifikiria. Mzungu aliyeogopa upande wa mashariki, karibu na Austin, alitiwa moyo akautazame. Mweusi aliyedhani upande wa magharibi si wake alitiwa moyo vivyo hivyo. Lengo lilikuwa kuzuia jengo lolote au barabara yoyote isiwe ya rangi moja.

Hatua nyingine zikafuata. Mabango ya "Inauzwa" yalipigwa marufuku, ili kuona nyumba tatu zinauzwa barabara moja kusiwatie watu kiwewe. Mwaka 1975 ofisi mpya za mji zilijengwa makusudi upande wa mashariki, ule uliokuwa unaogopwa, ili kila mtu aone kwamba mji wenyewe hauhami. Mwaka 1978 ukaanzishwa mpango wa kuwafidia wenye nyumba iwapo thamani ingeshuka. Hoja ya kwamba mweusi akihamia bei huanguka ilijibiwa na mji kwa dhamana ya fedha.

Mwaka 1970 watu weusi hawakufika asilimia moja ya wakazi wa Oak Park. Leo ni karibu mmoja kati ya watano, na Wazungu hawakukimbia. Kusini yake uko mji wa Cicero, ambako mwaka 1951 maelfu ya watu walilivamia jengo ambamo familia moja nyeusi ilikuwa imepanga, hadi wanajeshi wa jimbo wakaitwa. Miji miwili inapakana, historia zimeachana, na kilichozitenganisha ni maamuzi ya watu.

Columbia, mji uliochorwa upya

Mfano mwingine uko Maryland, katikati ya Baltimore na Washington, na unawahusu wasomaji wetu zaidi kwa sababu eneo hilo lina Watanzania, Wakenya na Waganda wengi. Mwekezaji James Rouse alinunua kimyakimya zaidi ya ekari 14,000 za mashamba, na Juni 1967 akafungua mji wa Columbia kwa ahadi kwamba nyumba ingeuzwa kwa yeyote mwenye uwezo wa kulipa. Mwezi huo huo Mahakama Kuu ilibatilisha sheria za majimbo zilizokataza ndoa kati ya weusi na Wazungu, na wanandoa wa aina hiyo wakawa miongoni mwa waliokimbilia Columbia.

Mji uligawanywa katika vijiji, na kila kijiji kikajengewa nyumba za bei tofauti, ili mwalimu na meneja wawe jirani. Masanduku ya barua yaliwekwa mahali pamoja badala ya kila mlango kuwa na lake, makusudi watu wakutane wanapochukua barua. Madhehebu mbalimbali yalikubali kuabudu katika jengo moja. Leo Columbia ina watu zaidi ya 100,000, na mwaka 2018 kaunti yake, Howard, ilimchagua Calvin Ball, mtu mweusi wa kwanza kuiongoza.

Kuhesabu nyuso hakutoshi

Mwaka 2018 mtengenezaji filamu Steve James alitoa mfululizo wa *America to Me*, alioupiga ndani ya shule ya sekondari inayohudumia Oak Park. Kwa mbali, shule hiyo ni fahari ya mchanganyiko. Kamera zilipoingia madarasani, zilionyesha wanafunzi weusi wakiwa wachache katika masomo ya juu, na walimu na wazazi wakibishana kwa nini. Mzazi anayehamia mji wowote ajifunze hapo. Asiishie kwenye idadi ya wanafunzi weusi shuleni, bali aulize wako darasa gani. Wizara ya Elimu ya Marekani hukusanya na kuchapisha takwimu za kila shule kwa rangi: nani yumo katika masomo ya juu, nani anasimamishwa shule. Hazilipiwi, na zinasema mengi kuliko vipeperushi vya mawakala.

Nyumba nayo ina mtihani wake. Mwaka 2021, Nathan Connolly na mkewe Shani Mott, wahadhiri weusi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, waliomba mkopo mpya juu ya nyumba yao mjini Baltimore. Mthamini akasema ina thamani ya dola 472,000. Wakaondoa picha za familia ukutani, wakamwomba mwenzao Mzungu asimame kama mwenye nyumba, na mthamini wa pili akaandika dola 750,000. Connolly ni mwanahistoria ambaye utafiti wake ni juu ya ubaguzi wa makazi. Aliyoyasoma kwenye nyaraka yakamfuata sebuleni. Walifungua kesi, na wakafikia makubaliano na mkopeshaji mwaka 2024, mwaka ambao Mott alifariki.

Na mlangoni pa wakala bado pana kazi. Wizara ya Makazi ya Marekani ilipotuma watu wa majaribio, mweusi na Mzungu wenye kipato kinachofanana, matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba wanunuzi weusi walionyeshwa nyumba pungufu kwa takriban asilimia 18. Mwaka 2019 gazeti la *Newsday* lilichapisha uchunguzi wa miaka mitatu uliofanywa kwa kamera za siri katika kisiwa cha Long Island, New York. Karibu nusu ya majaribio ya wanunuzi weusi yalikuta wakitendewa tofauti na Wazungu. Ubaguzi wa siku hizi una tabasamu na kikombe cha chai, na aliyefanyiwa huenda asijue, kwa kuwa hakuiona orodha aliyopewa mwenzake.

Namna ya kuukagua mtaa

Anza na takwimu za sensa, ambazo yeyote anaweza kuzifungua hadi ngazi ya mtaa. Usitazame mwaka mmoja. Linganisha 2010 na 2020: mtaa wenye mchanganyiko leo unaweza kuwa ule ambamo weusi wanasukumwa nje na kodi inayopanda, ukawa na sura njema kwa miaka mitano tu. Chuo Kikuu cha Richmond kimeziweka mtandaoni ramani zile za miaka ya 1930. Itazame ya mji unaokwenda, utaelewa kwa nini barabara kuu ilipita pale ilipopita na kwa nini benki iko upande mmoja.

Kisha tafuta alama za kazi. Je, mji una kamati ya haki ya makazi inayokutana kweli, au ipo kwa jina? Mihtasari ya baraza huwa wazi kwa umma. Soma ya miezi michache, hasa siku ulipojadiliwa ujenzi wa nyumba za bei nafuu, uone wakazi walisema nini. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo mtaa hueleza wazi hivyo nani unamtaka.

Fika mwenyewe, mchana wa siku ya kazi na jioni ya Jumamosi. Tazama uwanja wa michezo: watoto wamechanganyika, au kila kundi liko kona yake? Ulizia saluni inayojua kusuka na kinyozi anayezijua nywele zetu. Ikiwa mtu analazimika kuendesha gari saa nzima, hilo ni jibu. Zungumza na wazazi weusi walioishi hapo zaidi ya miaka mitano, kwa sababu mwaka wa kwanza kila jirani huleta keki. Waulize swali moja: mlipopata tatizo, shuleni au na polisi, nani alisimama nanyi?

Uwezo ukiruhusu, panga mwaka mmoja kabla ya kununua. Hifadhi kila barua pepe na kila tangazo la nyumba uliyoambiwa "imeshachukuliwa." Ukihisi umebaguliwa, unaweza kulalamika kwa Wizara ya Makazi ndani ya mwaka mmoja, au kufungua kesi ndani ya miaka miwili. Malalamiko hayahitaji uwe raia.

Kwa watu wetu au kwa mchanganyiko?

Wapo watakaosema hayo yote ni mzunguko: nenda waliko wenzako. Hoja hiyo ina uzito. Lowell, Massachusetts, ina jumuiya kubwa ya Wakenya, yenye makanisa na watu wa kukuchangia ukifiwa. Clarkston, nje ya Atlanta, umepokea wakimbizi wa mataifa mengi, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Prince George's, Maryland, ni kaunti ya weusi wengi wenye kipato cha kati na cha juu, ambamo daktari mweusi, hakimu mweusi na mwalimu mkuu mweusi si habari. Mtoto anayekulia hapo haombi ruhusa ya kuwepo. Gharama zipo pia: msukosuko wa mikopo ya nyumba wa 2008 uliiumiza kaunti hiyo kuliko jirani zake, na fedha za shule hufuata thamani za nyumba.

Hakuna jibu moja kwa kila familia, wala halipaswi kuwepo. Ila kuna kosa moja linalotuhusu sisi tunaotoka Afrika Mashariki, na ni vyema lisemwe. Wengi wetu, kabla hata ya kutua, tumeshaambiwa na jamaa waliotutangulia: mtaa ule usikae, "wamejaa weusi wa huku." Tunalirudia neno lile lile alilolisema wakala wa miaka ya 1960 akimtisha Mzungu wa Austin. Haki tunayoitumia kupanga nyumba popote ilidaiwa na hao hao, wengine kwa damu. Mgeni anayefaidi sheria ya 1968 huku akimkwepa aliyeipigania anaishi kwa deni asilotaka kulitambua.

Kwa hiyo kigezo changu ni hiki: chagua mtaa ambao watu wake wameshaonyesha kwamba wanakutaka, kwa kanuni, kwa bajeti na kwa kusimama na mtu siku mbaya. Kisha ukishahamia, hudhuria kikao cha mtaa, jiunge na kamati ya wazazi, piga kura za baraza ukishakuwa raia, na familia ijayo ikifika uwe wewe wa kuibishia hodi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Oak Park na Columbia zimedumu kwa sababu waliofika walilipokea jembe hilo, na mtaa ambao wageni wake wanangoja kukaribishwa tu hurudi kwenye ramani ya zamani ndani ya kizazi kimoja.